Chumvi ya Mara ya Pili

Ile asubuhi Bwana Chupa alipokuja kwetu kutafuta vyungu, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko asubuhi ya leo. Nilikuwa nimepiga magoti, udongo umenijaa mikononi hadi kwenye viwiko, na bibi yangu mzaa mama ameketi karibu nami akilainisha mdomo wa chungu kwa kipande cha kibuyu. Mzungu akasimama penye uzio, mrefu, mwekundu kwa jua, akatusalimu, "Mwaghonile," kwa matamshi yaliyotufanya sote tuangalie chini tusimcheke.

Nakusimulia haya kwa sababu mama yako ameniambia unakwenda kusomea uuguzi. Ameniambia kwa furaha, nami nimefurahi, ingawa nilipobaki peke yangu nilikumbuka mambo ya zamani. Kazi ya kumtazama mgonjwa na kutambua kinachomsumbua niliwahi kuigusa nilipokuwa msichana, kabla sijaolewa huku Ipyana. Wagonjwa wangu walikuwa samaki. Usicheke kwanza. Sikiliza.

Sisi tulikaa chini ya milima ya Ukinga, pale mawe yanaposhuka moja kwa moja mpaka ziwani. Enzi hizo Wajerumani walikuwa wakitawala, na kila mtu alikuwa na hadithi yake ya kodi na ya kiboko. Lakini Bwana Chupa hakuwa askari. Alikuja kukusanya viumbe. Tulimpa jina hilo kwa sababu nyumba yake ilijaa chupa, na ndani ya kila chupa kulikuwa na mjusi, au konokono, au nge. Aliowataka hasa walikuwa samaki wa mawe, wale wadogo wenye rangi, bluu kama kaniki mpya, na njano, na wengine wenye milia. Aliwataka wazima. Alikusudia kuwapandisha kwenye meli ya moshi na kuwafikisha kwao Ulaya wakiwa wanaogelea.

Aliwaweka kwenye masanduku ya kioo. Jua lilipopanda maji yakapata joto, samaki wakaja juu wakihema midomo wazi, na jioni wakafa. Ndipo alipokuja kwetu. Chungu chetu hutoa jasho, na maji yake hubaki baridi. Bibi alimtazama Mzungu yule kutoka viatuni hadi kofiani, akasema, "Mwambieni nitamfinyangia. Lakini na huyu mjukuu wangu aende navyo, maana wanaume hawajui kuosha chungu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Na hivyo ndivyo nilivyomjua Ambilikile.

Ambilikile ndiye aliyewavua samaki hao. Alikuwa na kimia kidogo alichokisuka mwenyewe, chenye matundu membamba. Alikuwa akizama nacho katikati ya mawe, na mimi nikisimama kando ya maji nikihesabu pumzi zangu mpaka kichwa chake kitokeze. Mwanangu, mimi sasa ni kikongwe na nimezika mume mwema, babu yako, ambaye sina neno baya juu yake. Ila nikifumba macho naona bado kile kichwa kikitokeza, maji yakimtiririka usoni, naye akicheka kabla hata hajavuta pumzi, akiinua kimia ili nione nini kimo ndani. "Atu," ananiita, kwa kuwa jina langu Atuganile aliliona refu mno kwa mtu aliyetoka majini. "Atu, tazama huyu. Huyu ni mwali, amejipaka."

Tulikuwa tumekwisha kusemezana. Kazi ile ndiyo ingempatia ng'ombe wa mahari wa kupeleka kwetu, na Bwana Chupa alikwisha kumwahidi kwamba samaki wakifika melini salama, atamwombea kazi ya kudumu. Kwa hiyo samaki wale, kwetu sisi, hawakuwa samaki tu.

Bwana alitufundisha kutazama. Nampa heshima yake kwa hilo. Kila asubuhi, kabla ya kuwapa chakula, tulitakiwa kuchuchumaa mbele ya kila chungu bila kusema wala kugusa kitu. Tazama pumzi, alisema, mashavu yanafunguka haraka au polepole? Tazama mapezi, yamefunguka au yamebanwa mwilini? Tazama rangi. Tazama tumbo. Tazama hata kinyesi. Bibi alipoambiwa habari ya kutazama kinyesi cha samaki alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini baadaye alisema kwamba hata mtoto mchanga hutazamwa hivyo, na kwamba huyo Mzungu huenda amelelewa na mama mwenye akili.

Ugonjwa wa kwanza ulikuja baada ya mvua kubwa. Niliona samaki mmoja wa bluu akijisugua ubavuni mwa chungu, kama ng'ombe anavyojisugua mtini. Kesho yake walikuwa watatu. Nilipowainua karibu na mwanga niliona vitone vyeupe mwilini, vidogo, kama mtu amewanyunyizia unga. Bwana akasema huo ni ugonjwa unaohama kutoka samaki mmoja kwenda mwingine, na kwamba kwao watu huutibu kwa chumvi kidogo. Akatuonyesha kipimo kwa kijiko chake. Tukawatenga wagonjwa katika vyungu vyao peke yao, tukatia chumvi, tukabadilisha maji kila siku, na nikaacha kutumia kata moja kwenye vyungu viwili. Siku zikapita, vitone vikaanguka kimoja kimoja. Samaki wale wakarudi kugombana kama kawaida yao, maana samaki wa mawe ni wagomvi sana, na wakigombana ujue ni wazima.

Habari zikaenea. Watu wakaniita mganga wa samaki. Wanawake niliokutana nao nikiteka maji waliniuliza habari za wagonjwa wangu, wengine kwa kejeli, wengine kwa kweli, nami nikajibu wote kwa shingo iliyonyooka. Bwana akaniachia kopo lake la chumvi nilitunze. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba au na minane, na nilikuwa na kopo la chumvi. Unaelewa.

Sasa sikia kosa langu.

Samaki wale chakula chao ni ule mwani laini, wa kijani, unaoota juu ya mawe. Ambilikile alikuwa akiniletea mawe yenye mwani, nami niyatie vyunguni, wale wakwangue. Ni kazi nzito, kubeba mawe kutoka majini, kuyatoa yakiisha kukwanguliwa, kuleta mengine. Siku moja usipa, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, ulikuwa mwingi ufukoni. Nikachukua mkavu, nikautwanga, nikautupa kidogo chunguni. Mwanangu, waliruka! Walipigania ule unga kama watu waliotoka njaa. Nikaona nimegundua jambo. Meli ilikuwa karibu kuja, nami nilitaka wanenepe, wang'ae, Bwana aone. Nikaacha mawe. Asubuhi usipa, jioni usipa.

Bwana alikuwa amepanda milimani kutafuta vinyonga, asirudi kwa siku kadhaa. Siku ya pili ya safari yake, nilimwona mmoja wa njano amejitenga pembeni, hali kitu. Nikajiambia kashiba. Siku ya tatu alikuwa ametuna tumbo, magamba yamesimama kidogo, na nyuma yake ananing'iniza kitu cheupe chembamba kama uzi. Na wengine wakaanza kujitenga.

Ambilikile alikuja na mawe mapya begani. Akachuchumaa mbele ya chungu, akatazama kwa muda.

"Huu sio ule ugonjwa wa kwanza," akasema. "Vitone viko wapi?"

"Vitakuja," nikamjibu. "Unaanzia ndani."

"Nani amekuambia?"

"Wewe ni mvuvi, Ambilikile. Mimi ndiye ninayewatibu."

Akanitazama. Hakukasirika, na nafikiri ingekuwa afadhali angekasirika. "Atu, tungoje. Tuwabadilishie maji tu, tuwape mawe yao, tumngoje Bwana. Au tumuulize bibi. Huu hatuujui."

Huu hatuujui. Maneno mepesi namna hiyo, mwanangu, na mimi yalinishinda kutamka. Nilifungua kopo, nikatia chumvi. Hawakupata nafuu. Kesho yake nikatia tena, bila kutoa ile ya jana. Jioni nikaongeza. Nilijua kipimo cha Bwana, nikakipita, kwa sababu kila nilipowaona hawaponi niliogopa, na mtu aliyeogopa mkono wake huwa mzito. Walianza kulala ubavu. Kufika asubuhi, katika vyungu vitano, zaidi ya nusu walikuwa wanaelea. Yule wa bluu tuliyemponya wa kwanza alikuwa miongoni mwao, rangi yote imemtoka, amekuwa kijivu kama jivu la jikoni.

Ambilikile alinikuta nimekaa chini. Akatazama vyungu, akachovya kidole, akakilamba. Alijua. Akalitazama kopo lililokuwa karibu tupu. Akaanza kuwatoa waliokufa mmoja mmoja, polepole, kama watu. Kisha akamwaga yale maji na kuleta mengine kutoka ziwani, safari baada ya safari, mpaka mabega yakamtetemeka. Mimi nikamsaidia, nikilia.

Bwana Chupa alirudi siku hiyohiyo mchana. Alisimama mbele ya vyungu, uso wake ukazidi kuwa mwekundu. Alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa amewangoja samaki wale kwa miezi, na meli ilikuwa njiani.

"Nani amefanya nini?" akauliza.

Mdomo wangu ulifunguka, mwanangu. Nakuapia ulifunguka. Lakini kabla sauti haijatoka, Ambilikile alisogea mbele akasema, "Ni mimi, Bwana. Niliwavua vibaya. Niliwabana kwenye kimia, ute wao ukatoka, wakaugua."

"Hukuambiwa jinsi ya kuwashika?"

"Niliambiwa, Bwana."

"Basi kwangu huna kazi tena. Nenda."

Akainama, akachukua kimia chake, akaenda. Alipopita karibu nami hakunitazama kwa lawama. Aliniangalia kama mtu anayesubiri jambo, akatembea taratibu hadi kwenye kona ya njia, na pale kwenye kona akasimama kidogo. Nami sikusema. Nilimwona akisimama, nikajua anangoja nini, nikanyamaza. Halafu akapotea.

Nilijiambia nitasema kesho, hasira za Bwana zikipoa. Kesho ikafika, nikajiambia keshokutwa.

Siku ya tatu tulikuwa nyumbani tunakanda udongo, mimi na bibi. Sijui nani alimwambia, au kama aliniona tu usoni kama Bwana alivyotufundisha kuwaona samaki. Aliacha kazi, akapangusa mikono.

"Atuganile," akasema, "wale samaki ulikuwa unawapa nini?"

"Usipa, bibi."

"Na kule kwenye mawe nani huwatwangia usipa?"

Nikaendelea kukanda.

"Na ile dawa ulitia kwa sababu uliona ugonjwa wake, au kwa sababu dawa ilikuwa mkononi?"

Nikaanza kulia. Bibi hakunibembeleza. Ndiyo siku pekee maishani mwake aliyoniacha nilie bila kunigusa. Akasema, "Kuua samaki kwa kutojua, hilo litasameheka. Mimi nimevunja vyungu vingi kuliko umri wako. Lakini kuna mtu amebeba kosa lako mgongoni mwake siku tatu sasa, na wewe umekaa hapa unakanda udongo. Inuka. Usinawe hata mikono. Nenda."

Nikaenda hivyohivyo, udongo ukinikaukia mikononi. Nilimkuta Bwana mezani. Nilisema yote, usipa, na chumvi, na chumvi tena, na kwamba Ambilikile hakukosa kitu. Nikangoja kufukuzwa au kupigwa. Kisha akachukua samaki mmoja aliyemhifadhi kwenye chupa, akampasua tumbo kwa kisu chembamba, akaniita nisogee.

"Tazama utumbo wake," akasema. "Mrefu sana, umejikunja kama kamba. Huyu ni mla majani, kama ng'ombe. Usipa ulimkaa tumboni ukaoza. Ndio uliomwumiza, na chumvi yako ikammaliza." Akaweka kisu chini. "Mimi nami nina kosa. Nilikufundisha dawa moja, sikukufundisha magonjwa mengine. Lakini yule kijana, kwa nini alisema ni yeye?"

Nikatazama udongo uliokauka mikononi mwangu. Akanitazama, nadhani akaelewa, akakohoa na kugeukia chupa zake. "Mwite," akasema. "Mwambie arudi kazini."

Nilikimbia. Nilikimbia njia yote ya ufukoni hadi kwao. Mama yake alikuwa anaanika muhogo. Aliniambia Ambilikile ameondoka jana alfajiri na mtumbwi wa watu waliopeleka vyungu ng'ambo, upande wa Waingereza, Karonga. Mwanawe alikuwa amemwambia kwamba, kwa kuwa hana kazi na hana ng'ombe, hana sababu ya kukaa na kunitia aibu mimi.

Jana alfajiri. Siku mbili nilikuwa nazo, mwanangu.

Samaki waliobaki walipona. Tuliwaacha bila chakula kwa muda, kisha tukawarudishia mawe yao, na maji safi kila siku. Matumbo yakashuka, ule uzi mweupe ukaisha, wakaanza tena kugombana. Mawe niliyabeba mwenyewe. Meli ilikuja ikawachukua pamoja na Bwana wao, na vyungu vya bibi. Kama walifika Ulaya sijui.

Mwaka uliofuata mwanamke mmoja wa kwetu alirudi kutoka Karonga alikokwenda kuuza vyungu. Akanivuta kando. Alikuwa amemwona Ambilikile, mzima, akivua na watu wa kule. Hakumwuliza habari za mtu yeyote, alisema, ila jambo moja tu: wale samaki waliobaki, je, walipona?

Nilimpa yule mama maneno ya kupeleka safari yake ijayo. Mwambie walipona. Mwambie Bwana anajua kosa lilikuwa langu. Mwambie Atu anasema arudi. Akakubali. Akapakia vyungu vyake akaenda, na kabla hajarudi vita vikaanza kati ya Wajerumani na Waingereza. Mitumbwi ikakatazwa kuvuka. Wanaume wa pande zote mbili wakakamatwa kubeba mizigo ya majeshi, wengi hawakuonekana tena. Yule mama naye hakurudi kwetu. Kwa hiyo sijui kama maneno yangu yalimfikia. Nimekaa na hilo miaka yote hii. Upo upepo wa mwera, unapovuma kutoka ziwani na kufika mpaka huku kwenye mashamba ya mpunga, huniacha nimesimama katikati ya kazi, na babu yako, Mungu amrehemu, alijua kuninyamazia mpaka upite. Alikuwa mtu mzuri.

Basi, mwanangu, nilichonacho ni hiki, nakupa. Ukifika kwa mgonjwa, tazama kwanza. Kaa naye. Uliza anakula nini, analala wapi, jana alikuwaje. Usimtibu ugonjwa wa mgonjwa aliyetangulia kwa sababu tu dawa yake unaijua na ulisifiwa nayo. Ukiona huponyi, usiongeze kipimo kwa hofu. Rudi nyuma, badilisha maji, kama sisi tulivyosema, yaani mwondolee kwanza kinachomdhuru. Na usiogope kusema mbele ya watu kwamba hili silijui. Utasikia aibu kwa muda mfupi, kisha itapita.

Na utakosea, maana wote hukosea. Siku utakapokosea, sema siku hiyohiyo. Usimwache mwingine abebe kosa lako, hasa akiwa anakupenda, kwa sababu anayekupenda atalibeba kweli, na atakwenda nalo mbali. Mimi sikuchelewa sana. Nilichelewa siku tatu.

Sogea nikushike kichwa. Kyala, Mungu wetu, akutangulie huko uendako. Akupe macho yenye subira na mkono mwepesi. Wagonjwa wako wapone, na wale watakaokushinda wasife kwa kiburi chako. Akupe ujasiri wa kusema kweli wakati mtu wako angali amesimama pale kwenye kona, anakusikia. Ndaga, mwanangu, kwa kunisikiliza. Nenda kwa amani.